Mbwa aliyepaliwa na matapishi: kisa cha mapafu yaliyopona bila antibayotiki

Usuli wa kisa

Mgonjwa alikuwa mbwa jike chotara wa miaka minne, kilo 24, mwenye chanjo zote, asiye na historia ya ugonjwa wa koo, umio wala mapafu. Hakuwa akitumia dawa yoyote. Aliletwa kliniki kwa kuchechemea mguu wa nyuma, na ili apigwe eksirei bila kusumbuka alichomwa sindano ya medetomidini, dawa ya kulaza usingizi, pamoja na dawa ya maumivu ya jamii ya opioidi. Aliyemleta alisema mbwa hajala tangu jana yake. Alisema kweli kwa kadiri alivyojua, ila mtu mwingine wa nyumbani alikuwa amemlisha alfajiri kabla wenzake hawajaamka.

Taarifa zinazoweza kumtambulisha mbwa, mwenye mbwa au kliniki zimeondolewa. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mbwa huyu alipona mapafu bila kupewa hata dozi moja ya antibayotiki, na kila ninapokisimulia kwa wenzangu swali la kwanza ni lile lile: mliwezaje kuvumilia usiku ule? Jibu limo katika saa 48 za kwanza, ndiyo maana nitakaa hapo zaidi.

Saa ya kwanza

Medetomidini hutapisha baadhi ya mbwa, na opioidi kadhaa hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi mbwa hutapika akiwa bado na fahamu za kutosha kumeza na kukohoa. Huyu alitapika wakati tayari amelala ubavu na kope zinafumba. Majimaji ya kahawia yenye chembe za chakula yalitoka mdomoni, mengine yakatokea puani. Kisha akavuta pumzi ndefu, na wote waliokuwa chumbani wakasikia mkoromo wa majimaji kifuani.

Kichwa kiliinamishwa chini ya usawa wa kifua, mdomo na koo vikanyonywa kwa mashine, na atipamezoli ikachomwa papo hapo ili kumwamsha. Kwa taa ya laringoskopu majimaji yalionekana yamezunguka mlango wa njia ya hewa. Muuguzi mmoja alifanya jambo dogo lililokuja kuwa na uzito: alichovya karatasi ya kupimia asidi katika yale yaliyonyonywa. Ilisoma kati ya 2 na 3, yaani asidi kali, ingawa yalikwisha changanyika na mate.

Dakika chache baadaye mbwa alikuwa macho, anakohoa, anapumua mara 52 kwa dakika. Kifaa cha kubana ulimini kilionyesha oksijeni 86%. Namba hiyo haikutosha kuaminiwa peke yake, kwa kuwa medetomidini hubana mishipa midogo, ulimi ukapauka, na kifaa kikakosa mapigo ya kusoma. Damu ikachukuliwa kwenye ateri ya mguu. Shinikizo la oksijeni lilikuwa mmHg 62 akipumua hewa ya kawaida, wakati mbwa mzima huwa kati ya 80 na 110. Kaboni dioksidi ilikuwa 36, yaani hakuwa anapumua kidogo mno kwa sababu ya usingizi. Mapafu yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanashindwa kupitisha oksijeni.

Aliwekewa mrija laini puani wa kupeleka oksijeni na kulazwa kifudifudi. Alipewa dozi moja ya dawa ya kupanua njia za hewa, na maropitanti miligramu 1 kwa kila kilo ili asitapike tena. Ultrasaundi ya kifua ilionyesha mistari mingi ya kushuka wima upande wa kulia, dalili ya mapafu yaliyoloa. Eksirei iliyopigwa wakati huo huo ilikuwa karibu safi. Hilo lisimshangaze mtu: picha ya eksirei huchelewa nyuma ya ugonjwa kwa saa nyingi, na ya mapema hutumika zaidi kama msingi wa kulinganishia zile zitakazofuata.

Uamuzi, na kwa nini

Sindano ya ampisilini, antibayotiki ya kawaida, ilikuwa tayari mezani. Haikuchomwa.

Asidi ya tumbo ikifika mapafuni huunguza. Njia za hewa hubana ndani ya dakika chache, kisha katika saa nne hadi sita zinazofuata seli nyeupe hufurika mahali palipoungua, na maji yenye protini huvuja kutoka kwenye mishipa kuingia vifuko vya hewa. Mbwa hupata homa, hupumua haraka, damu yake hubadilika. Yote hayo yanaweza kutokea bila bakteria hata mmoja. Mwaka 1946 daktari wa uzazi Curtis Mendelson wa New York alieleza wanawake 66 waliopaliwa wakiwa katika usingizi wa dawa wakati wa kujifungua. Aliwatilia sungura asidi mapafuni na kuiona picha ile ile ya ugonjwa, na alipotumia majimaji yaliyoondolewa ukali wa asidi, picha hiyo haikutokea. Kuungua ni kitu kimoja, kuambukizwa ni kingine. Maambukizi yanaweza kufuata, kwa kuwa pafu lililoungua limepoteza ulinzi wake, lakini huchukua muda kujengeka.

Antibayotiki haipozi pafu lililoungua. Ikitolewa mapema kwa hofu, huua bakteria dhaifu wa koo na kuacha wasugu, na kama maambukizi yatakuja siku ya tatu, yatatoka kwa hao waliobaki. Hilo ndilo linalonisumbua katika mazoea yetu. Tunadhani tumemkinga mgonjwa, kumbe tumechagua adui atakayemshambulia.

Kwa mbwa huyu mambo manne yalielekeza upande mmoja. Tulijua dakika aliyopaliwa. Alikuwa mzima kabla ya hapo. Majimaji yalikuwa na asidi kali, naye hakuwa akitumia omeprazoli wala dawa nyingine ya kupunguza asidi, ambayo ingeruhusu bakteria kuzaana tumboni. Na hakuwa na dalili yoyote ya sepsisi, yaani maambukizi yanayodhuru mwili mzima: shinikizo la damu 130 la juu, laktati (kipimo cha damu kinachopanda viungo vikikosa oksijeni) 1.6, joto 38.6.

Hata hivyo uamuzi wa namna hii haufai kubaki kichwani mwa mtu mmoja. Uliandikwa kwenye ubao juu ya kizimba chake, pamoja na mambo yatakayoubatilisha. Shinikizo la damu likishuka au laktati ikipanda, ampisilini ichomwe bila kumpigia mtu simu. Neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) changa zikiongezeka, au neutrofili zikionyesha sumu, yaani umbo lililoharibiwa na maambukizi makali, kwenye kioo cha hadubini, ichomwe. Homa iliyopita 39.5 baada ya saa 24 ikiambatana na oksijeni inayoshuka, ichomwe. Ute wa usaha ukitoka puani, ichomwe. Na kama kufikia saa ya 48 hakuna nafuu, ichomwe hata kama hakuna sababu nyingine.

Mwenye mbwa alielezwa yote haya akiwa amekaa kando ya kizimba. Akauliza, "Kwa hiyo daktari, mtamwangalia tu?" Ni swali la haki. Alionyeshwa mrija wa oksijeni na ratiba ya vipimo vya kila baada ya saa mbili. Akaambiwa pia ni ishara gani zingefanya dawa ianze, na kwamba angepigiwa simu usiku huo huo zikijitokeza. Alikubali. Nadhani kilichomtuliza zaidi ni ule ubao, kwa kuwa aliweza kuusoma mwenyewe.

Usiku wa homa

Kufikia saa ya kumi tangu apaliwe hali ilikuwa mbaya zaidi kwa macho. Joto 39.7, pumzi 60 kwa dakika, na stetoskopu ilipowekwa nyuma ya kiwiko cha kulia ilisikika mikwaruzo mikavu kila anapovuta pumzi. Eksirei mpya, aliyopigwa akiwa amelala ubavu wa kushoto ili upande wa kulia uonekane vizuri, ilionyesha sehemu ya kati ya pafu la kulia imekuwa nyeupe, na njia za hewa zimejichora ndani yake kama matawi meusi. Ndipo mahali panapoathirika mara nyingi zaidi mbwa anapopaliwa, kwa sababu bomba la sehemu hiyo hufunguka kuelekea chini.

Daktari wa zamu alitaka kuanza antibayotiki, na hoja zake zilikuwa nzito: homa ipo, picha imeharibika, CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na uvimbe, imefika miligramu 140 kwa lita. Kabla ya kuanza walikubaliana waangalie tone la damu kwa hadubini. Seli nyeupe zilikuwa 19 × 10⁹ kwa lita, juu ya kawaida, lakini changa zilikuwa chache sana na hakuna iliyoonyesha sumu. Shinikizo la damu na laktati havikuwa vimesogea. Mbwa aliinua kichwa alipoitwa na mkia ukagonga sakafu mara mbili tatu.

CRP, kipimo ninachokithamini sana siku za baadaye, haikuweza kuamua usiku ule. Hupanda kwa uvimbe wowote mkali, uwe wa asidi au wa bakteria. Homa nayo ilikuwa ndani ya saa 24 za mwanzo, muda ambao homa hutarajiwa kutokana na kuungua kwenyewe. Na weupe wa eksirei ulikuwa ni ugonjwa wa saa zilizotangulia unaoonekana sasa. Hakuna sharti la ubaoni lililotimia. Wakaamua kurudia vipimo baada ya saa nne.

Katika kupitia chati waligundua jambo jingine. Dripu ilikuwa bado inakwenda mililita 5 kwa kila kilo kwa saa, kiwango kilichowekwa alipolazwa shinikizo likiwa halijapimwa, wala hakuna aliyekipunguza baadaye. Kwa pafu ambalo mishipa yake inavuja, maji ya ziada huishia kwenye vifuko vya hewa. Dripu ikapunguzwa hadi mililita 2. Mwenzetu mmoja alipendekeza furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, ikakataliwa: maji yale hayakutokana na moyo kulemewa, na kumkausha mbwa hukausha na ute anaotakiwa kuukohoa. Steroidi haikufikiriwa kabisa, wala dawa ya kuzuia kikohozi. Mbwa mwenye uchafu kifuani anakihitaji kikohozi chake.

Kazi ya usiku ule ilikuwa ya mikono. Kila baada ya saa mbili aligeuzwa, akapewa mvuke wa maji ya chumvi kwa nebulaiza kwa dakika kumi na tano, kisha kifua kikapigwapigwa kwa viganja vilivyokunjwa, kuanzia nyuma kwenda mbele. Alikohoa ute wa rangi ya chai wenye chembe mbili za chakula. Alipoanza kusimama alitembezwa hatua chache, mrija ukiwa puani, kwa sababu kutembea humfanya mbwa avute pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu zake mwenyewe.

Saa ya kumi na nne: joto 39.4, pumzi 48. Ilikuwa ni mara ya kwanza namba kurudi nyuma.

Matokeo

Saa ya 24 joto lilikuwa 39.1 na pumzi 40. Oksijeni ilifungwa kwa dakika kumi ili kumjaribu, kifaa cha ulimini, ambacho sasa kilisoma vizuri, kikaonyesha 92%. Ikarudishwa kwa kiwango cha chini. Saa ya 36 alishikilia 95% bila msaada. Akalishwa vitonge vidogo vya chakula chenye unyevu, mbele yake juu kuliko nyuma, na akaachwa katika mkao huo kwa robo saa. Saa ya 48 mrija ulitolewa.

Alirudi nyumbani siku ya nne. CRP ilikuwa imeshuka hadi 60, na siku ya saba ilikuwa chini ya 10. Eksirei ya wiki ya pili ilikuwa safi. Mguu ulipigwa picha baadaye, akiwa amefunga kweli na maropitanti imechomwa saa moja kabla ya dawa ya usingizi. Hakutapika.

Kilichofanya kazi

Masharti yaliyoandikwa mapema ndiyo yaliyoamua kisa hiki. Saa tisa za usiku, mbele ya mbwa anayehema, kila daktari hupata sababu ya kuchoma kitu. Ubao ulibadilisha swali kutoka "je, ninaogopa?" hadi "je, limetimia?" Na wala haukumfunga mtu mikono, kwa kuwa sepsisi ilikuwa na njia yake ya mkato isiyohitaji mjadala.

Hadubini ilisaidia kuliko mashine zote ghali. Mashine huhesabu seli, lakini neutrofili changa na zile zenye sumu hutambuliwa kwa jicho la mtu aliyekaa kwenye kiti na kioo kimoja cha damu. Kipimo hicho huchukua dakika chache, nacho ndicho kilichotofautisha uvimbe na maambukizi pale ambapo homa, picha na CRP vilishindwa.

Kusoma mwelekeo badala ya namba moja nako kulisaidia. Pumzi 60 peke yake inatisha. Pumzi 60, kisha 48, kisha 40, inaeleza habari nyingine.

Mbwa huyu si wa kwanza. Mwaka 2021 ilichapishwa nchini Uingereza ripoti ya mbwa 14 waliopaliwa na kutibiwa kwa mafanikio bila antibayotiki. Ni mbwa wachache, na waliteuliwa na madaktari walioamini wanaweza kungoja, kwa hiyo ripoti ile inathibitisha kwamba jambo hili linawezekana tu. Haisemi kila mbwa angoje.

Kilichokwama

Swali la chakula liliulizwa kwa mtu mmoja, na kwa namna inayojibika kwa "hapana". Lingeulizwa hivi: nani wote wanaomlisha, na kila mmoja alimlisha lini? Kliniki ile sasa huliuliza hivyo, na aliyemleta asipojua, hupiga simu nyumbani kabla ya sindano. Maropitanti nayo ingetangulia, kwa kuwa mchanganyiko ule wa dawa unajulikana kwa kutapisha.

Dripu nimeitaja. Naamini sehemu ya hali mbaya ya saa ya kumi ilitokana nayo, na hapo kuna hatari ya kufikiri: laiti antibayotiki ingeanzishwa dakika ile ile dripu ilipopunguzwa, kila mtu angeipa dawa sifa ya nafuu ya asubuhi.

Kubwa zaidi ni kwamba njia ya hewa haikuoshwa kuchukua sampuli. Siku ya kwanza ilikuwa sahihi kuacha, maana mbwa mwenye oksijeni 62 halazwi tena usingizi kwa ajili ya kipimo. Saa ya 24, alipotengemaa, ingewezekana. Bakteria ndani ya neutrofili wangekuwa ushahidi mzito, na kutokuwapo kwao kungetupa utulivu. Kuotesha bakteria maabara peke yake kusingetosha, kwa sababu hata bomba la hewa la mbwa mzima lina bakteria wake. Kwa hiyo nasema alipona bila antibayotiki, bila kudai nimethibitisha kwamba hapakuwa na bakteria wowote.

Mbwa nisiowatibu hivi

Mbwa mwenye umio uliopanuka, anayecheua kila siku, hupaliwa mara kwa mara na mchanganyiko wa mate na chakula kilichochacha. Huyo simngojei. Vivyo hivyo mwenye utumbo ulioziba, kwani matapishi yake hubeba bakteria wa utumbo, anayetumia dawa za kupunguza asidi, mtoto mchanga, mwenye kinga iliyoshushwa na dawa, na yule anayeletwa akiwa amekohoa siku tatu bila mtu kujua alipaliwa lini. Mbwa aliyepoteza fahamu au asiyeweza kusimama naye yumo, kwa kuwa uchafu wake hauna wa kuutoa.

Wakianzishwa antibayotiki, naanza na ampisilini ya mshipa kama hakuna sepsisi. Ikiwapo, hutolewa mara moja dawa zinazoua bakteria wa aina nyingi zaidi. Tarehe ya kupitia upya huandikwa siku ile ile dawa inapoanza. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 kuhusu magonjwa ya njia ya hewa ya mbwa na paka inataka mgonjwa apimwe tena kabla ya siku 10 hadi 14 kwisha, na CRP iliyorudi chini mara nyingi huruhusu kuacha mapema zaidi ya hapo, hata kama eksirei bado ina doa.

Kuna kundi moja zaidi, nalo halihusu mbwa bali mahali. Kama kliniki inafungwa jioni na hakuna wa kukesha na mgonjwa, kupima pumzi zake na kuangalia damu yake usiku wa manane, na hakuna pa kumhamishia, basi ampisilini ianze jioni ile na mwenye mbwa aambiwe wazi kwa nini. Mpango mzima wa kisa hiki ulisimama juu ya watu waliokuwa macho.